Kozi ya Mazingira Endelevu: Anachofunzwa Mwanafunzi na Faida Yake kwa Mkaazi

Matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, nyumba nyingi katika Kaunti ya Kwale huingia kwenye hesabu moja: mtoto amepata alama hizi, pesa zilizopo ni hizi, je, asomee nini? Katika orodha ya kozi, somo la mazingira endelevu huonekana mara nyingi, na mara nyingi hurukwa. Mzazi huuliza: kupanda miti nako kunahitaji diploma?

Swali hilo ni la haki, kwa kuwa karo ni pesa ya ng'ombe, ya korosho au ya samaki, na haipaswi kutumika bila kujua inanunua nini. Makala haya yanaeleza yale ambayo mwanafunzi hufunzwa, kwa kutumia mifano ya hapa Kwale. Kwa ufupi, kupanda miti ni sehemu ndogo tu. Kiini cha kozi hii ni kumtoa mtu kwenye kusema "tunaona" na kumfikisha kwenye kusema "tumepima". Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu maamuzi kuhusu visima, machimbo, misitu na taka hufanywa kwa ripoti zenye takwimu. Jamii isiyo na mtu wa kuzisoma hubaki ikisikiliza tu.

Maana ya neno "endelevu"

Mwaka 1987, tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayotimiza mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watu wa kesho uwezo wa kutimiza yao. Mvuvi anaelewa jambo hilo bila darasa: ukivua samaki wachanga mwaka huu, mwakani utarudi na dema tupu.

Darasani, wazo hilo hugawanywa mara tatu: mazingira, uchumi na jamii. Mwanafunzi hufunzwa kutochagua moja na kusahau mengine. Kumkataza mtu kuchoma makaa bila kumwonyesha njia nyingine ya kupata riziki si suluhisho endelevu. Vivyo hivyo, mradi wa kuleta ajira unaoharibu chanzo cha maji si maendeleo.

Kisima kilichogeuka chumvi

Mfano wa kwanza ni maji. Katika vijiji vya ufuoni, si ajabu kusikia kwamba kisima kilichokuwa na maji matamu sasa kina chumvi. Mwanafunzi hufunzwa sababu yake. Chini ya ardhi ya pwani, maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Maji matamu yakivutwa kwa pampu kuliko mvua inavyoyarudisha, maji ya chumvi hupanda na kuingia kisimani.

Kujua sababu hakutoshi. Mwanafunzi hufunzwa kutumia kifaa kidogo kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa maana chumvi ikizidi, umeme hupita kwa urahisi zaidi. Hupima kisima kile kile kila mwezi, masika na kiangazi, na kuandika. Baada ya mwaka mmoja, kijiji huwa na daftari linaloonyesha ni lini chumvi hupanda na kama inaongezeka, na ofisi yoyote inaweza kulisoma na kulifanyia kazi.

Usalama wa maji nao hupimwa. Sampuli huchotwa kwa chupa iliyotakaswa, huandikwa mahali na saa ilipochotwa, huwekwa kwenye ubaridi na kufikishwa maabara haraka. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata kijidudu kimoja cha E. coli katika mililita 100, kwa kuwa vijidudu hivyo ni dalili ya kinyesi. Vikipatikana, kazi inayofuata ni kutafuta vinakotoka: choo kiko umbali gani, na maji ya ardhini yanaelekea upande gani?

Hesabu ya gunia la makaa

Mfano wa pili unahusu maeneo makavu kama Kinango, ambako makaa ni pesa ya haraka mvua inapokosa. Mwanafunzi hufunzwa kufuatilia kitu kuanzia kinakotoka hadi kinakoishia. Katika tanuri la kienyeji la kufukiwa kwa udongo, kilo 100 za kuni kavu mara nyingi hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Kwa hiyo gunia la kilo 40 limekula kuni kati ya kilo 200 na 400. Nyingine imepotea kwa moshi na moto.

Hesabu hiyo hufungua mlango wa suluhisho. Kuni zikikaushwa vizuri, tanuri likiboreshwa na jiko la nyumbani likiwa lile linalotumia makaa machache, miti inayokatwa hupungua hata kabla ya mtu kubadilisha kazi. Baada ya hapo ndipo huja mazungumzo ya kupanda miti inayokua haraka kwa ajili ya kuni, ili ya asili ipumzike.

Gazi: mikoko inayolipia maji

Mfano wa tatu unajulikana hata nje ya Kenya. Katika ghuba ya Gazi, wakaazi wa vijiji vya Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Mradi huo unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza huduma ya kuhifadhi takriban tani 3,000 za hewa ya kaboni kila mwaka. Mapato yamesaidia miradi ya maji na shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Mnunuzi aliye mbali halipii maneno. Hulipa kwa sababu miti imepimwa unene wa shina na urefu, matope yaliyo chini yake yamechunguzwa, na hesabu imeandikwa kwa namna ambayo mkaguzi anaweza kuirudia. Utafiti wa miaka mingi wa taasisi ya KMFRI hapo Gazi ndio uliojenga msingi huo. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko haimo kwenye mti bali kwenye matope, hivyo msitu ukikatwa, hasara huendelea hata baada ya magogo kuondoka.

Kupanda mikoko pia kunahitaji elimu. Mlilana hustahimili upande wa bahari, ambako maji hufika kila siku. Mkoko hufuata nyuma yake. Mkandaa hupenda sehemu ya juu zaidi, na mchu huonekana pande zote mbili. Miche ikipandwa mahali pasipo pake hufa, hata kama siku ya kupanda ilikuwa na hotuba nyingi na picha nzuri.

Kuna upande wa mikataba pia. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023, inataka miradi ya kaboni inayotumia ardhi ya jamii iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Anayejua kusoma mkataba atauliza mapato yanahesabiwa vipi na gharama gani zinaondolewa kwanza. Swali hilo moja likiulizwa kabla ya kutia sahihi linaweza kuwa na thamani kuliko karo yote ya kozi.

Sheria iliyo upande wa mkaazi

Wengi hawajui kwamba sheria ni sehemu kubwa ya masomo haya. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinaruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara.

Chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, miradi mikubwa kama machimbo, viwanda na hoteli hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na umma hupewa nafasi ya kutoa maoni. Hapo ndipo "hatuutaki" hutofautiana na "ripoti inasema hakuna chemchemi eneo hili, na chemchemi ni hii hapa". Maoni ya pili ni vigumu kuyapuuza.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nayo inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa: zinazooza kando, zisizooza kando. Mwanafunzi hupewa zoezi la kukusanya taka za soko au hoteli kwa wiki moja, kuzitenganisha na kuzipima kwenye mizani. Matokeo huonyesha kiasi kinachoweza kuwa mboji, kinachoweza kuuzwa kwa wanunuzi wa plastiki na chuma, na kinachobaki kwenda jaani. Kwa miji inayokua kama Ukunda, hesabu hiyo huamua malori mangapi yanahitajika.

Ardhi baada ya mgodi

Mwaka 2014 mgodi wa Base Titanium ulisafirisha shehena yake ya kwanza ya madini, na Desemba 2024 uchimbaji ukafungwa. Kwale sasa ina somo ambalo vyuo vingi husoma vitabuni tu: ardhi iliyochimbwa hurudishwaje katika matumizi? Sheria ya Madini ya 2016 inadai mpango wa kurejesha ardhi na dhamana ya fedha ya kulinda mazingira. Kuangalia kama kazi imefanyika kunahitaji watu wanaojua kupima rutuba ya udongo, kufuatilia maji ya ardhini na kuhesabu mimea iliyoota miaka kadhaa baadaye. Vijana wa Msambweni na Lunga Lunga wenye ujuzi huo wangeifanya kazi hiyo wakiwa na sababu ya kuijali.

Ujuzi wa wazee haufutwi

Kozi nzuri haimfunzi kijana kuwadharau waliomtangulia. Kaya Kinondo ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Misitu hiyo ilibaki kwa miiko ya wazee kabla ya kuwepo kwa sheria ya misitu. Mvuvi naye anajua kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Kazi ya msomi ni kuandika ujuzi huo, kuupima pamoja na wenyewe, na kuufikisha mezani maamuzi yanapofanywa.

Hayati Profesa Wangari Maathai alifanya hivyo. Alianzisha Vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 baada ya kuwasikiliza akina mama wa mashambani waliokosa kuni na maji, kisha akaunganisha kilio chao na elimu yake ya sayansi. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kabla ya kulipa karo

Masomo haya hutolewa kwa ngazi tofauti. Kwa kawaida, kujiunga na shahada huhitaji wastani wa C+ katika KCSE, diploma C-, na cheti D, ingawa kozi nyingine huwa na masharti ya ziada katika baiolojia, kemia, jiografia au hesabu. Karibu na Kwale, Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha sayansi ya mazingira.

Ni vyema familia ijue ukweli wote: kazi haziwangoji wahitimu mlangoni. Ujuzi huu hutumika katika idara za kaunti, mashirika ya maji, misitu na uvuvi, hoteli, kampuni za tathmini, miradi ya jamii na biashara binafsi kama mboji, vitalu vya miche na ukusanyaji wa taka. Anayetaka kufanya tathmini za mazingira lazima asajiliwe na NEMA, hivyo aulize mapema kama kozi yake itatambuliwa.

Mzazi na mwanafunzi waulize maswali haya kabla ya kulipa:

1. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA, au na CUE ikiwa ni chuo kikuu?
2. Je, kina maabara na vifaa vya kupimia vinavyofanya kazi, na wanafunzi huvitumia wenyewe?
3. Mafunzo ya nyanjani huchukua muda gani, na chuo humsaidia mwanafunzi kupata nafasi?
4. Je, kozi ina sheria ya mazingira, takwimu na uchoraji wa ramani kwa kompyuta?
5. Je, inawezekana kuanzia cheti na kupanda hadi diploma au shahada?

Chuo kinachojibu maswali hayo bila kuzunguka kinastahili kufikiriwa. Maombi ya nafasi katika vyuo vya umma hupitia KUCCPS na mikopo hupitia HELB. Wanaotafuta basari waulize katika ofisi ya wadi tarehe za kuchukua na kurudisha fomu, na wafike wakiwa na barua ya kujiunga na chuo, muundo wa karo na nakala za vitambulisho.