Kwa Nini Diski ya SSD Husoma Bloku Ndogo Polepole

Muhula uliopita tulijaribu kunakili rekodi za wanafunzi wa somo la matamshi: faili zaidi ya elfu thelathini, kila moja neno moja tu. Diski ilikuwa SSD, tuliyoinunua kwa sifa ya kusoma megabaiti 500 kwa sekunde. Umeme ulikatika kabla kazi haijafika nusu, na kipindi cha kusikiliza tukakiendesha kwa midomo yetu wenyewe. Katika makala haya tunaeleza kilichotuchelewesha.

SSD haina sahani inayozunguka. Data hukaa ndani ya chipu. Hata hivyo, kila ombi la kusoma lina gharama yake: amri isafiri, kidhibiti kitafute data ilipo, kisha chipu isome. Tukikadiria kwamba yote hayo huchukua sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na maombi yakaja moja moja, diski itajibu maombi 10,000 kwa sekunde. Kila ombi likiwa la bloku ya kilobaiti 4, tunapata megabaiti 40 hivi tu. (Katika kikao chetu neno "kitalu" nalo lilipendekezwa; tuliona tuwaachie wenye miche.)

Bloku ikiwa ya megabaiti 1, gharama ya ombi hubebwa na data nyingi zaidi. Tena kidhibiti huigawa kazi kwa chipu kadhaa, zikasoma kwa pamoja. Ndipo kasi inapoikaribia ile iliyoandikwa kwenye boksi. Lakini kwa diski ya SATA, megabaiti 550 hivi ndiyo dari, hata tukizidisha ukubwa wa bloku. Namba ya boksi si uongo, ila hupimwa kwa bloku kubwa.

Mwenzetu mmoja aliuliza kama kuifomati diski upya kwa klasta kubwa kungetusaidia. Kwa faili kama zetu, hapana: faili ya kilobaiti 20 hubaki na data ya kilobaiti 20, na klasta ya kilobaiti 64 ingepoteza nafasi bure. Isitoshe, kila faili sharti ifunguliwe na kufungwa, na programu ya kukagua virusi nayo huichungulia.

Kwa hiyo sasa rekodi za kila darasa tunazikusanya katika faili moja ya zip mara tu zinapokamilika. Hatungoji siku ya kunakili, maana kuzikusanya kwenyewe ni kuzisoma moja moja.