Bunduki ya Kushindilia na Namna ya Kuipatia Shabaha

Wazee wengi wa Afrika ya Mashariki waliijua bunduki ya kushindilia, ile iitwayo gobore, ambayo baruti na risasi hutiwa kwa mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa ufito. Bunduki za namna hiyo zililetwa pwani kwa wingi katika karne ya 19, zikachukuliwa bara pamoja na nguo na shanga. Nyingi zilikuwa laini ndani ya mtutu, na sifa yake ilikuwa kishindo na moshi kuliko shabaha. Kwa sababu hiyo hata leo wako watu wanaodhani kwamba bunduki ya kushindilia haiwezi kulenga kitu kikapatikana.

Dhana hiyo si kweli. Huko Marekani bunduki hizi zingali zinatumiwa. Chama cha wapiga shabaha wa bunduki za kushindilia kilianzishwa huko mwaka 1933, na mashindano yake hufanywa Friendship, katika jimbo la Indiana. Tena majimbo mengi ya Marekani yametenga majira maalumu ya kuwinda paa kwa bunduki hizi peke yake. Mwindaji wa namna hii anajua jambo moja lisilomsumbua sana mwenye bunduki ya kisasa: anayo risasi moja tu. Akikosa, itampasa kupima baruti, kushindilia risasi na kuweka fataki nyingine, na kwa muda huo mnyama amekwisha kwenda zake. Akimjeruhi, mnyama atakimbia na kufa kwa mateso mahali asipoonekana. Kwa hiyo shabaha njema kwake ni wajibu, wala si mchezo wa kujisifia.

MIFUO YA NDANI YA MTUTU

Tofauti ya kwanza baina ya gobore la kale na bunduki ya shabaha imo ndani ya mtutu. Bunduki ya shabaha imechongwa mifuo inayozunguka kama ile ya parafujo. Risasi ipitapo humo hulazimika kuzunguka, nayo hutoka mdomoni ikiendelea kuzunguka vivyo hivyo. Kila mtoto aliyecheza pia anajua kwamba pia hukaa wima maadamu inazunguka, na ikipunguza mwendo huyumba na kuanguka. Risasi nayo ni hivyo: ikizunguka hufuata njia yake, na isipozunguka hupotoka huku na huku.

Mifuo hii haifanani katika bunduki zote. Katika bunduki zitengenezwazo siku hizi, mtutu wa risasi ya mviringo, iliyo kama gololi, aghalabu huizungusha risasi mara moja katika urefu wa inchi 48 hadi 66. Mtutu wa risasi ndefu huizungusha upesi zaidi, mara moja katika inchi 20 hadi 28. Mtu akitia risasi ndefu katika mtutu uliokusudiwa risasi ya mviringo asilaumu jicho lake akikosa, maana kosa limeanza kabla hajalenga.

Nguvu ya bunduki hizi ilidhihirishwa Uingereza mwezi wa Julai mwaka 1860, wakati Malkia Victoria alipofungua mashindano ya kupiga shabaha huko Wimbledon. Bunduki iliyotumika ilikuwa ya kushindilia, kazi ya fundi Joseph Whitworth. Ilifungwa juu ya kiegemeo cha chuma, ikalengwa mapema, na Malkia akavuta kamba tu. Risasi ilikwenda yadi 400 ikapiga karibu sana na kitovu cha shabaha, yapata inchi moja na robo kutoka katikati. Tukio hilo lina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba bunduki yenyewe yaweza kulenga. La pili ni kwamba kazi kubwa ilikwisha kufanywa kabla ya kamba kuvutwa.

SIRI NI USAWA

Bunduki ya kisasa hutumia risasi zilizofungwa kiwandani, kila moja sawa na mwenziwe. Mwenye bunduki ya kushindilia ndiye kiwanda chake mwenyewe. Yeye ndiye apimaye baruti, ateuaye risasi, akataye kitambaa na kushindilia. Mambo hayo yakibadilika kila mara, risasi nazo zitakwenda kila mahali. Kwa hiyo kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: kila mpigo ufanywe sawasawa na uliotangulia, na mtu akitaka kujaribu jambo jipya, abadilishe moja tu kwa wakati mmoja.

Jambo la kwanza ni baruti. Bunduki hizi hutumia baruti nyeusi, ile ya shura, makaa na kiberiti, au baruti iliyotengenezwa mahususi iwe badala yake. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi haifai kabisa, kwa kuwa nguvu zake zaweza kuupasua mtutu na kumwua mpigaji. Baruti hupimwa katika kikombe kidogo chenye alama, wala haimiminwi kutoka kwenye chombo chake moja kwa moja hadi ndani ya mtutu, maana cheche iliyobaki humo yaweza kuwasha chombo kizima mkononi.

Kipimo cha baruti huitwa greni, na greni 15 ni kama gramu moja. Mwenye bunduki ya mtutu wa inchi nusu aweza kuanza na greni 50, akapiga risasi tatu hadi tano katika karatasi, kisha akaongeza greni tano na kupiga tena katika karatasi nyingine, bila kuvuka kiasi alichokiruhusu fundi aliyeitengeneza bunduki hiyo. Akizilinganisha karatasi hizo ataona kwamba kwa kiasi fulani matundu yamekusanyika pamoja. Hicho ndicho kiasi cha bunduki ile. Aghalabu si kiasi kikubwa kuliko vyote. Baruti nyingi huongeza kishindo na teke la begani, lakini mara nyingi hutawanya risasi.

Jambo la pili ni risasi na kitambaa chake. Risasi ya mviringo husubiwa kwa kalibu kutoka katika madini laini ya risasi, yasiyochanganywa na madini magumu. Ifaa kila risasi ipimwe katika mizani, na ile iliyo nyepesi iwekwe kando, kwa kuwa huenda ina shimo la hewa ndani. Risasi hufanywa ndogo kidogo kuliko mtutu, mathalan inchi 0.490 katika mtutu wa inchi 0.50, na nafasi iliyobaki huzibwa kwa kitambaa cha pamba au kitani kilichopakwa mafuta. Kitambaa hicho ndicho kishikacho mifuo na kuizungusha risasi.

Kitambaa kikisha kupigwa huanguka hatua chache mbele ya bunduki, na mpiga shabaha mwenye busara hukiokota akakisoma kama barua. Kikiwa kizima, chenye weusi katikati tu, mambo ni mema. Kikiwa kimeungua au kutoboka, pengine ni chembamba mno, au mafuta yake ni machache, au baruti imezidi. Kikiwa kimekatwa kama kwa kisu, yafaa kuchunguza ukingo wa mdomo wa mtutu au mifuo yenyewe, kwani huenda ina makali.

KUSHINDILIA NA KUSAFISHA

Risasi lazima ifike chini hata ikalie baruti, pasiwe na nafasi kati yake. Nafasi ikibaki, mtutu waweza kuvimba au kupasuka. Tena mkono ushindilie kwa nguvu ile ile kila mara. Mtu asishindilie kidogo leo na kesho akapigapiga kwa ufito kama atwangaye kinu.

Baruti nyeusi huacha masizi mengi. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa bali hubaki kuwa moshi na uchafu, na uchafu huo hunywa unyevu na kula chuma. Risasi ya kwanza hupita katika mtutu safi, ya pili katika mtutu mchafu, ya tano hushindiliwa kwa taabu. Basi hazitapiga mahali pamoja. Dawa yake ni kupitisha kitambaa chenye unyevu kidogo baada ya kila mpigo, na kingine kikavu baada yake. Jioni ile ile bunduki ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikaushwe barabara, kisha ipakwe mafuta. Bunduki iliyolala na masizi usiku mmoja huweza kuamka na kutu, na kutu ikikwisha kula mifuo hakuna fundi wa kuirudisha.

KULENGA

Hayo yote yakiwa sawa ndipo zamu ya mpigaji ifike. Kwanza bunduki iwekwe juu ya magunia ya mchanga, ili kosa la mkono lisichanganyike na kosa la bunduki. Aanze kwa yadi 25, baadaye 50, kisha 100. Asiguse alama za kulengea baada ya risasi moja. Apige tano, atazame zimekusanyika wapi, ndipo azisogeze. Alama ya nyuma husogezwa upande ule ambako risasi hutakiwa kwenda: risasi zikienda kushoto, alama isogezwe kulia, zikipiga chini, iinuliwe. Alama ya mbele husogezwa kinyume cha hayo.

Kosa kubwa la wapigaji wa bunduki hizi ni kuinua kichwa mapema ili kutazama. Baina ya kubonyeza kifyatuo na risasi kutoka mdomoni hupita muda, na katika bunduki ya gumegume, iwashwayo kwa jiwe, muda huo ni mrefu zaidi, kwa kuwa cheche huwasha baruti ya nje kwanza, ndipo moto uingie ndani. Mpigaji abonyeze polepole, pumzi ikiwa imetulia, naye aendelee kulenga mpaka moshi umfunike. Ikiwa fataki imelia na bunduki haikutoka, asiitazame mdomoni wala asiiteremshe upesi. Aielekeze kwenye shabaha kwa muda wa dakika moja au zaidi, kwani moto waweza kuchelewa ndani.

ALAMA YA MDEKI

Mwezi wa Julai mwaka 1863, katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, majeshi mawili yalipigana siku tatu huko Gettysburg. Baada ya vita ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000, na zilipochunguzwa, yapata 24,000 zilikuwa zingali na baruti na risasi ndani. Karibu nusu ya hizo zilikuwa zimeshindiliwa mara mbili, na robo yake mara tatu hadi kumi. Moja ilikutwa na risasi 23. Katika makelele na hofu askari wengi hawakutambua kwamba bunduki zao hazikulia. Waliendelea kushindilia risasi juu ya risasi, kisha wakalenga adui kwa chuma kisichoweza kupiga, na pengine kingewapasukia wenyewe.

Dawa ya kosa hilo ni nyepesi. Mdeki, yaani ufito wa kushindilia, hutiwa alama mbili. Ya kwanza huonyesha mahali unapofikia mdomoni mtutu ukiwa mtupu. Ya pili, mahali unapofikia ukiwa na kiasi kimoja cha baruti na risasi moja iliyokaa vizuri. Kila mara mtu autazame ufito wake. Alama ile humwambia ikiwa bunduki ni tupu, ikiwa imejazwa sawasawa, ikiwa risasi haikufika chini, au ikiwa amesahau na kujaza mara mbili. Basi alama moja hulinda shabaha na uhai pamoja.

Jambo hili lawahusu hata wale wasiopata kulenga bunduki maisha yao. Nchini Kenya uwindaji wa wanyama wakubwa wa porini ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria yataka mwenye bunduki awe na cheti. Hata hivyo, pengine katika nyumba ya babu, juu ya dari au nyuma ya kabati, hupatikana gobore kuukuu lililosahauliwa. Baruti nyeusi ikiwa kavu hudumu miaka mingi bila kupoteza nguvu, na hakuna ajuaye kwa kutazama nje kama marehemu aliliacha tupu au limeshindiliwa. Aliyeliona asilijaribu, asilipashe moto kwa kusudi la kuondoa kutu, wala asiwape watoto walichezee. Na aliache pale pale lilipo, awaondoe watu karibu, akawapashe habari chifu au polisi.