Uzi wa kioo wenye kupima sukari: na sisi wa mine inatuhusu



Mwaka uliopita mwenzetu mumoja alianguka chini ya mine, poste ya usiku. Watu wakasema: amelewa. Chef akaandika vile mu ripoti. Ku hospitali njo wakaona ni sukari, pombe hakuigusa. Miaka yote ile hakuna aliyemupima, juu ku dispansere ya kazi walikuwa wanapima macho, masikio na mapafu, basi.

Leo wenye elimu wanatengeneza kipimo cha sukari kwa uzi wa kioo, ile fibri yenye kupitisha intaneti. Unene wake ni milimita 0,125. Ncha yake wanaipiga na leza: kioo kinayeyuka, kinajizungusha chenyewe kama tone la maji. Leza ingine, ya mapigo mafupi sana, inachonga bila kuchoma. Kisha wanapaka ku ncha dawa yenye kuvimba sukari ikipanda. Hapo mwangaza wenye kurudi mu uzi unabadilika, na mashini inasoma. Ncha ikichongwa muzuri, mwangaza unarudi na nguvu.

Kipimo hicho kingali mu laboratwari. Lakini kile cha tone la damu ku kidole kiko tayari: mutu asiyekula tangu usiku, akipata 126 mara mbili, ni ugonjwa wa sukari.

Tena sikilizeni. Mara mingi roho ya uzi ule inatiwa germanium. Sisi tunaijua: ilitoka Kipushi, na iko mu terril ya Lubumbashi. Mu 2024 STL, mutoto wa Gécamines, ilianza kuituma Ubelgiji. Mikono yetu inatoa mali yenye kuponyesha wengine, na sisi tunaanguka mu giza juu ya kukosa tone moja la damu?

Njo maana sisi wa sendika tunaomba: sukari ipimwe mu visite ya kila mwaka, jibu apewe mufanyakazi mwenyewe, na mugonjwa asifukuzwe, atafutiwe poste yenye kumufaa.

Na ninyi: mukiona kiu mingi, kukojoa mara na mara, macho kuwa na ukungu, musingoje. Mwende mupimwe.

Ile ripoti ya ulevi ingali mu dosie ya mwenzetu. Hatutanyamaza mupaka itoke.