Cheni inayotoka njiani: tengeneza kizuizi kwa plastiki na klipu ya mpira wa maji

Anayebeba samaki kutoka mwalo wa Masese, au madumu ya maji kupita nyumba za zamani za Walukuba, anajua cheni hutoka wakati gani. Haitoki kwenye lami tambarare. Hutoka kwenye murram yenye mashimo, mzigo ukiwa nyuma, hasa mtu anapokanyaga pedali kwa nguvu zote kupanda. Mguu unakosa kitu cha kusukuma, baiskeli inayumba na mzigo unamvuta mwendeshaji chini. Wengine huumia goti au mkono, na siku ya kazi imekwisha.

Wasomaji wetu walio makazini nao wanakutana na tatizo hili, kwa sababu baiskeli nyingi za mitumba zinazouzwa sasa ni zile za mlimani zenye gia. Baiskeli ya zamani ya boda, ile nyeusi nzito, ina sahani moja ya meno mbele na moja nyuma. Cheni yake inakwenda moja kwa moja na imekazwa, kwa hiyo haina pa kukimbilia. Baiskeli ya mlimani kwa kawaida ina sahani 3 mbele na 6 au zaidi nyuma. Ili iweze kuhama, cheni lazima iwe na ulegevu, na ulegevu huo hushikiliwa na springi ya mkono wa nyuma. Springi ikichoka, kila shimo linairusha cheni juu na pembeni.

Kabla ya kutengeneza chochote, pima cheni kwa rula. Nafasi kati ya pini moja na inayofuata ni milimita 12.7, kwa hiyo nafasi 24 kwenye cheni mpya ni milimita 304.8. Ukipata karibu 306, cheni imechakaa na inafaa kubadilishwa. Ukipata 308, huenda meno ya sahani nayo yameliwa. Hapo kizuizi hakitakusaidia, kwa sababu cheni itaendelea kuruka juu ya meno hata ikiwa haitoki pembeni.

Kama cheni ni nzima, amua jambo moja: utatumia sahani ya kati peke yake mbele. Kwa kubeba mizigo hupotezi sana, maana gia za nyuma zinabaki zote. Kama njia yako ni ya milima mikali, fikiria tena, kwani sahani ndogo utaikosa.

Njia rahisi kuliko zote haihitaji kununua kitu. Juu ya sahani za mbele kuna kijumba cha chuma kinachosukuma cheni kutoka sahani moja kwenda nyingine. Toa waya wake. Kisha tumia bisibisi kwenye skrubu zake 2 ndogo, ambazo mara nyingi zimeandikwa L na H. Kaza L mpaka kijumba kikae sawa juu ya sahani ya kati, kisha kaza H mpaka kisiweze kusogea upande wa pili. Sasa hakibadili gia tena, bali kinailinda cheni pande zote mbili. Kwenye baiskeli nyingine skrubu ya L haifiki mbali kiasi hicho. Hapo rudisha waya, uvute mpaka kijumba kikae mahali pake, ukaze.

Kama kijumba kimevunjika, tengeneza kizuizi chako. Kwa upande wa ndani, kata kipande cha plastiki nene: ubao wa plastiki wa kukatia mboga uliochakaa unafaa, au bomba jeusi la maji lililonyooshwa kwa maji moto. Plastiki ya dumu ni nyembamba, itapinda. Chuma kitaila cheni. Kifunge kwenye bomba la fremu linaloshika kiti, kwa klipu ya mpira wa maji, ile inayokazwa kwa bisibisi. Kikae pale cheni inapoingia juu ya sahani, si chini, kwa sababu ni juu ndipo meno yanapoishika cheni. Acha nafasi ya milimita 2 au 3.

Kwa upande wa nje, fundi aifungue sahani kubwa, aisage meno yake yote kwa tupa au mashine, kisha airudishe mahali pake. Inakuwa ngao: cheni haiwezi kupanda, na suruali haikamatwi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu bora ya kazi yote, kwani sahani ile isingekuwa na matumizi tena.

Pindua baiskeli, zungusha pedali na upitie kila gia ya nyuma. Cheni hulala upande kidogo kila unapobadili, na kizuizi kilichokaa vizuri kwenye gia moja kinaweza kugusa kwenye nyingine. Kikigusa, punguza plastiki kidogo kidogo kwa kisu. Jaribu kwanza bila mzigo, kisha na nusu ya mzigo.

Usichanganye tatizo hili na cheni inayodondoka nyuma, kati ya meno na spoki. Hiyo inaweza kukata spoki na kufunga gurudumu ghafla. Dawa yake iko kwenye skrubu za mkono wa nyuma au kwenye mkono wenyewe uliopinda, na hairekebishwi kwa plastiki. Usiipande baiskeli hiyo mpaka fundi aione.