Betri kupewa paspoti: hesabu za viwanda vya Ulaya zafika hadi Kolwezi

Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, kila betri ya gari la umeme itakayoingizwa sokoni katika Umoja wa Ulaya italazimika kuwa na paspoti ya kidijitali. Mnunuzi ataelekeza simu yake kwenye alama iliyo juu ya betri na kusoma ilitengenezwa wapi na ina madini gani. Sheria hiyo ya mwaka 2023 inawagusa wakaaji wa Lualaba, kwani zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia hutoka Congo.

Ndani ya kiwanda cha kisasa, kuhesabu si kazi ngumu tena. Vipimo vilivyofungwa kwenye mashine husoma joto, unyevu na umeme unaotumika kila dakika. Kompyuta ikiona kasoro, kazi husimama kabla betri haijakamilika. Faida yake ni kubwa, maana betri inayotupwa ni kobalti iliyochimbwa, ikasafirishwa na kusafishwa bure.

Lakini vipimo hivyo vinaishia kwenye ukuta wa kiwanda. Huku Kolwezi, mchimbaji wa mikono huuza gunia lake kwenye depo. Likishamwagwa pamoja na mengine, hakuna kompyuta itakayolitenganisha. Sehemu kubwa ya kobalti husafishwa China, mbali sana na shimo ilikotoka.

Hapo ndipo penye hatari. Kampuni inayotaka ripoti safi ina njia ya mkato: kukataa kabisa madini ya wachimbaji wadogo, au kutengeneza betri zisizo na kobalti. Ripoti itapendeza, na baba wa Kasulo atakosa pesa ya shule ya watoto.

Serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt mwaka 2019 ili inunue madini hayo kwa utaratibu. Mwezi Novemba 2025 ilionyesha tani 1.000 za kwanza zinazoweza kufuatiliwa tangu zilikochimbwa. Ni kidogo, ila ni mwanzo.

Tena, si kweli kwamba teknolojia haijafika machimboni. Metorex, kile kifaa cha mkononi kinachopima ubora wa madini, kipo kwenye depo siku nyingi. Kinashikwa na mnunuzi, naye ndiye anayesoma namba. Kwa miaka mingi wachimbaji wamelalamika kwamba kinarekebishwa ili kionyeshe asilimia ndogo, na bei hulipwa kwa namba hiyo hiyo.