Magari ya porini: matengenezo ni ya Mara, malipo makubwa ni ya Arusha

Gari la watalii likivunjika springi kati ya Nyamongo na Mugumu, fundi wa kulitoa barabarani hupatikana siku hiyo hiyo. Ila gari hilohilo, siku liliporefushwa chesisi, likakatwa paa na kufungwa keria, lilikuwa Arusha. Mengine yalikuwa Nairobi. Biashara ya kuandaa magari ya porini katika ukanda huu wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, imegawanyika hivyo kwa miaka. Kuunga, kuchomelea na kuziba pancha ni kazi ya hapa. Kazi inayolipwa mamilioni kwa mkupuo ni ya kwingine.

Mmiliki mmoja wa gereji mjini Mugumu, ambaye hakutaka jina lake liandikwe kwa kuwa bado anadai pesa kwa baadhi ya wateja wake, anakataa kwamba kisa ni ukosefu wa ujuzi. Mafundi wake wawili walijifunza kuchomelea kwenye kazi za mgodi wa dhahabu wa Nyamongo, ambako pikapu za Land Cruiser hufungwa vyuma vya kulinda abiria gari likipinduka. Anayeweza kufunga vyuma vile, anasema, anaweza kufunga fremu ya paa la kuinuka. Kinachomkwamisha ni namna kazi inavyogawiwa. Wenye makampuni ya utalii hununua gari na kuliandaa palepale makao yao yalipo, na makao yao hayako Mara. Huku wanamkumbuka gari likiwa limelala.

Na likilala, bei anapanga mteja. Dereva ana wageni sita wanaosubiri kwenye vumbi, bosi yuko kwenye simu, fundi anaombwa afanye kazi kwanza, hesabu baadaye. Hesabu huja mwisho wa mwezi, na mara nyingine mwisho wa msimu. Spea amekwishanunua kwa fedha taslimu dukani Tarime au Musoma. Mwaka hadi mwaka, anasema, gereji yake imekuwa ikiyakopesha makampuni yenye mtaji mkubwa kuliko wake, tena bila riba. Wenzake wawili wa upande wa Tarime waliozungumza na mwandishi wa makala hii wanaeleza jambo hilohilo, mmoja kwa hasira zaidi.

Msomaji wa ukanda huu anajua kwa nini magari haya yanapita hapa, lakini inafaa kukumbusha sababu mbili ambazo wenye biashara wanazitaja kila mara. Ya kwanza ni ramani. Hifadhi ya Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, na upande wake wa kaskazini, Kogatende na Lamai, ndiko nyumbu huvuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Njia fupi ya gari kutoka Masai Mara, ile ya Sand River kwenda Bologonja, haipitishi watalii tangu Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, njia hiyo haikufunguliwa. Anayetoka Masai Mara kwa gari huzunguka hadi Isebania, akavuka Sirari, akashika Tarime, kisha akachagua: Nyamongo na Mugumu hadi geti la Ikoma, au lami ya Musoma na Bunda hadi Ndabaka.

Sababu ya pili ni makubaliano ya mwaka 1985 kati ya nchi hizi mbili, yanayozuia magari ya watalii ya upande mmoja kuingia kwenye hifadhi za upande wa pili. Wageni hushushwa mpakani na kupanda gari lenye namba za Tanzania. Kwa maneno ya kibiashara, Sirari ni soko la magari ya porini kwa amri ya serikali mbili. Mtu angetarajia Tarime ijae karakana za kuyaandaa. Haijajaa. Magari yanayopokea wageni pale hutoka Arusha au Mwanza, yanalala usiku mmoja, yanaondoka.

Sheria ya kodi inaeleza sehemu ya jambo hili vizuri kuliko hotuba yoyote ya uwekezaji. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa magari ya kubebea watalii, kwa masharti: gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne, limeundwa mahususi kwa utalii, liwe na nafasi ya vifaa vya kambi, vya uokoaji na huduma ya kwanza, sehemu ya mizigo na mahali pa kufunga mawasiliano. Na anayeliingiza awe ni kampuni ya utalii yenye leseni. Ushuru wa kawaida wa gari kutoka nje ya Jumuiya ni asilimia 25, na kodi ya ongezeko la thamani nchini ni asilimia 18. Msamaha wa ushuru huo ni mkubwa. Lakini unamfuata mwenye leseni anayeagiza gari. Haumfuati fundi wa Mugumu anayenunua bomba za chuma, vioo, mpira wa milango na turubai dukani, kila kimoja kikiwa na kodi yake ndani. Haumfuati pia kijana wa Nata mwenye Land Cruiser ya mtumba anayetaka kuifanya ya kukodisha.

Mwenye gereji anasema alijaribu kuwaandalia magari watu wa aina hiyo. Kazi ya chuma ilikwenda sawa. Kikwazo kikawa makaratasi: kubadili umbo la gari kunadai ukaguzi na kadi kurekebishwa, na mteja akishapoteza siku kadhaa kati ya ofisi na ofisi, mara ya pili anampelekea fundi wa Arusha, ambaye kazi hiyo anaifanya kila wiki na anajulikana na wakaguzi. Malalamiko haya hayathibitiki kwa kila kesi. Ila yanalingana na yanayoonekana: magari mengi yaliyofunguliwa paa yanayopita barabara hizi yana kibandiko cha karakana isiyo ya mkoa huu.

Ofisa mmoja wa serikali anayehusika na utalii, naye kwa sharti la kutotajwa, ana picha tofauti kabisa. Anataja takwimu ya watalii wa kimataifa: 922,692 mwaka 2021, na 2,141,895 mwaka 2024. Kwake idadi hiyo imejibu swali. Wageni wameongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya miaka mitatu, magari yameongezeka, kwa hiyo mafundi wa Mara wamefaidika. Alipoulizwa ni magari mangapi ya watalii yameandikishwa katika wilaya hizi mbili, alirudia takwimu ileile.

Takwimu hiyo ni ya kweli na ni ya kujivunia. Lakini inahesabu kila mgeni aliyeingia nchini, pamoja na aliyeshuka Zanzibar akakaa ufukweni wiki nzima bila kugusa vumbi la Serengeti. Haisemi wangapi walipita Ikoma, wangapi waliruka kwa ndege ndogo hadi kiwanja cha Kogatende, wala gari lililowachukua pale liliandaliwa na nani. Mgeni wa ndege hupokelewa na gari la kambi. Gari la kambi lina fundi wake wa kambi. Kwa fundi wa mjini, ongezeko la wageni wa namna hiyo ni habari anayoisikia redioni tu.

Tuingie gereji. Gari linalotawala ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, na sababu yake iko chini ya boneti: injini ya 1HZ, silinda sita, ujazo wa cc 4,164, dizeli isiyo na tabo, pampu inayofanya kazi bila kompyuta. Fundi yeyote mzoefu huifungua kwa spana na kuifunga. Land Rover Defender ya zamani bado ina wapenzi wake, hasa madereva wakongwe, lakini kiwanda kiliacha kuitengeneza Januari 2016, na bodi yake ya alumini haichomelewi kwa mashine ya kawaida. Kwenye gereji ndogo hutiwa ribiti.

Kazi kubwa kuliko zote ni kurefusha. Chesisi hukatwa nyuma ya viti vya mbele, kipande huongezwa, na fundi mzuri hakati kwa mstari ulionyooka. Anakata kwa pembe, anaunga, kisha anaweka bamba la chuma kwa ndani na nje ya kiungo ili mzigo usiegemee kwenye weldingi peke yake. Baada ya hapo kila kinachotoka mbele kwenda nyuma kinadai kurefushwa: mabomba ya breki, nyaya, kebo ya breki ya mkono, na propela shafti. Hapa ndipo gereji za huku hukwama kweli, na mwenye gereji wa Mugumu anakiri. Shafti iliyorefushwa bila kusawazishwa kwa mashine hutetemesha gari zima kuanzia mwendo wa kati, na hula beringi za difu na giaboksi. Yeye hana mashine hiyo. Huipeleka shafti mjini kwa basi na kusubiri irudi.

Kazi nyingine zote ziko ndani ya uwezo wao. Kuongeza jani la springi nyuma, kubadili shokapu na bushi, kufunga betri ya pili ya friji na chaja za simu za wageni, kuweka snokeli, kubana milango kwa mpira mpya ili vumbi lisiingie kwenye kamera za watu. Tairi nyingi za kazi bado ni 7.50R16 zenye tyubu, kwenye rimu za vipande, kwa kuwa mziba pancha wa kijijini huzifungua kwa nyundo na mikono. Wageni wanaosafiri na magari yao wenyewe, wale wa hema juu ya paa, huja na tairi pana zisizo na tyubu. Zikichanika ubavu karibu na Mto Mara, hazipatikani dukani.

Wasafiri hao ni kundi dogo, lakini ndilo linalolipa papo hapo. Wanashuka kutoka Kenya, wengine wametoka Cairo au wanaelekea Cape Town, gari lina tangi la pili, maji, jiko, kila kitu. Wengi wamefunga vitu vingi kupita kiasi. Fundi mmoja wa Sirari anasema hitilafu anazozikuta kwao ni zilezile: keria nzito iliyopasua paa pembeni, springi zilizolala, boliti za shokapu zilizokatika. Kwa ushauri wake, mtu apunguze mzigo wa juu kabla hajanunua springi ngumu. Na kwa kuwa gari lenye namba za nje hutozwa kwa dola na kwa kiwango kikubwa zaidi kuingia hifadhini, baadhi yao huliacha lao Mugumu au Robanda na kukodi la mwenyeji. Hilo nalo ni soko, ingawa ni la siku mbili tatu kwa kila mgeni.

Msimu unatawala kila kitu. Masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi wa mbuga hunasa magari, wageni hupungua, na wenye magari huyapeleka kwenye matengenezo makubwa. Ingekuwa ndiyo miezi ya mavuno kwa gereji za Mara, lakini ndiyo miezi ambayo magari hurudi nyumbani Arusha. Kuanzia Juni, makundi ya nyumbu yakiwa Grumeti na yakipanda kaskazini, gereji hizi hujaa, na zinajaa dharura.

Lami inaweza kubadili hesabu, na haijulikani kwa faida ya nani. Barabara ya Tarime hadi Mugumu, kilomita 87 hivi, na ile ya Makutano, Nata hadi Mugumu zimekuwa zikijengwa kwa vipande kwa miaka. Ofisa anasema zikikamilika wageni watamiminika. Wenye gereji wanasema springi hazitavunjika tena njiani, na kampuni ya Mwanza itakuwa na sababu ndogo zaidi ya kusimama Mugumu. Pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi, maana ndani ya hifadhi barabara zinabaki za changarawe na kazi ya springi haitaisha, ila huenda ikafanyika mbali zaidi.

Linalowatia mafundi wasiwasi wa karibu ni injini. Tangu mwaka 2023 mfululizo wa 70 unatolewa pia na injini ya lita 2.8, silinda nne, inayoendeshwa kwa kompyuta. Makampuni makubwa yanaanza kuyaulizia magari hayo kwa sababu ya mafuta. Gari la aina hiyo likizimika Nyamongo, spana peke yake haitoshi. Inatakiwa mashine ya kusoma hitilafu, na bei yake hupangwa kwa kufuata dola hata baada ya kanuni za Machi 2025 kukataza bei za ndani kuwekwa kwa fedha za kigeni. Mwenye gereji wa Mugumu ameomba mkopo wa vijana na wajasiriamali kwa ajili ya mashine hiyo na ile ya kusawazisha shafti. Ameambiwa alete dhamana, na dhamana aliyonayo ni madai yake kwa makampuni ya Arusha.