Diski Mpya Ikikataa Kufanya Kazi

Kikundi kimenunua diski ngumu mpya ya kuwekea hesabu za wanachama, lakini kompyuta haiioni. Msikimbilie kusema mmeuziwa takataka. Zimeni stima kwanza, mchomoe waya zote mbili za diski, mzirudishe zikae sawasawa. Bado? Jaribuni waya nyingine, kisha kompyuta nyingine.

Diski nyingi hutoka kiwandani zikiwa tupu kabisa, na Windows haizionyeshi pamoja na zile zingine mpaka zitayarishwe. Ni kazi ndogo kwa fundi, lakini mweka hazina akae hapo karibu: fundi akichagua ile ya zamani kwa haraka zake, hesabu za akiba zote zimefutika. Afadhali ile ya zamani ichomolewe kabisa ikiwezekana. Na ikiwa diski ya GB 1000 inaonyesha 931, hamjaibiwa. Muuzaji huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024.

Lakini ikigonga ta-ta-ta, au ikipotea katikati ya kazi hata kwa waya mpya, hiyo basi ni mbovu. Msiifungue, vumbi litaimaliza na dukani watawakatalia. Irudisheni mapema, pamoja na risiti.